Vidhibiti vya mwendo vya konsoli za zamani: kipi ununue, kipi ukiache

Ukianza kukusanya konsoli za zamani, yaani mashine za kuchezea gemu kwenye runinga au mkononi, hukawii kukutana na vifaa vinavyovutia macho kuliko pedi ya kawaida ya vitufe inayoshikwa kwa mikono miwili: glavu yenye vitufe, pete ya kusimama katikati yake, paneli za kupungia mikono hewani. Vinatamanisha kweli. Lakini vingi huuzwa ghali kwa kuwa ni adimu, si kwa kuwa vinachezeka, na ni heri ulijue hilo kabla hujatoa pesa.

Kiini cha tatizo ni hiki. Pedi ya NES, konsoli ya zamani ya Nintendo, huipelekea mashine ishara nane tu: pande nne, A, B, Select na Start. Kitufe kimebonyezwa au hakijabonyezwa, basi. Gemu haina njia ya kujua umepunga mkono kwa kasi gani au umeusogeza umbali gani. Glavu ikitumika kwenye gemu iliyotungwa kwa pedi, hugeuza mwendo wako wote kuwa kitufe kimoja, ambacho kidole gumba kingekibonyeza mapema na kwa uhakika zaidi. Kwa hiyo nimevipanga vifaa hivi kwa swali moja: je, ipo gemu iliyotungwa kwa ajili ya mwendo huo?

Nafasi ya kwanza naipa fimbo ya kuvulia samaki ya Dreamcast, konsoli ya Sega. Ina kihisi cha mwendo ndani, mkono wa kuzungusha uzi ubavuni, na hutetema samaki anapovuta. Ukicheza nayo Sega Bass Fishing, kila kitu kina maana: unarusha, unachezesha chambo, unazungusha. Wengi hawajui kwamba inafanya kazi hata kwenye Soulcalibur, gemu ya kupigana kwa silaha, ambako kupunga fimbo hugeuka pigo la upanga. Kabla ya kununua, zungusha ule mkono taratibu na usikilize kama unakwama au kukwaruza, kwa maana ndiyo sehemu inayofanya kazi ngumu kuliko zote.

Ya pili si kidhibiti hasa, ila siwezi kuiacha nje: kaseti zenye kihisi ndani yake. Kirby Tilt 'n' Tumble, iliyotoka Japani mwaka 2000 na Marekani mwaka uliofuata, ina kihisi cha mwinamo. Ukiinamisha Game Boy Color, konsoli ya mkononi ya Nintendo, mhusika Kirby anabingirika. Usiinunue kwa ajili ya Game Boy Advance SP, maana humo kaseti hukaa kinyume na mwinamo unasomwa kwa upande usio wake. Tena Game Boy Color haina taa ya skrini, kwa hiyo cheza penye mwanga wa kutosha. WarioWare: Twisted! ya Game Boy Advance ina jairoskopu, yaani kihisi cha kuzunguka, na ni mojawapo ya gemu za mwendo zilizofikiriwa vizuri kuliko zote ninazozijua. Ilitoka Japani mwaka 2004 na Marekani mwaka 2005. Ulaya haikuuzwa, basi jihadhari na nakala bandia ambazo hazina kihisi ndani.

Marakasi (vyombo vya muziki vya kutikisa) za gemu ya Samba de Amigo, pia za Dreamcast, ni za tatu. Zinapima kama umeziinua juu, katikati au chini, na gemu imejengwa juu ya jambo hilo hilo. Zinashuka nafasi kwa sababu ya bei na vipande vyake vingi. Hakikisha marakasi zote mbili zipo pamoja na upau unaowekwa sakafuni; ukikosekana upau huo, hakuna kinachopimwa.

Sasa Power Glove, ambayo karibu kila mtu huiulizia. Mattel waliiuza Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya NES. Asili yake ni DataGlove ya kampuni ya VPL Research, glavu ya utafiti iliyotumia nyuzi za kupitisha mwanga kupima vidole. Ili bei ishuke, nyuzi hizo zikaachwa, vikawekwa vihisi vya wino unaopitisha umeme kwenye vidole vinne, kidole kidogo cha mwisho hakikupewa. Mahali pa mkono hupimwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, yanayotoka kwenye glavu na kunaswa na vipokezi vitatu kwenye upau wenye umbo la L unaowekwa kwenye runinga. Ni uhandisi wa kuheshimiwa. Ila gemu zilizotungwa kwa ajili yake zilikuwa mbili tu, Bad Street Brawler na Super Glove Ball, na kwa gemu nyingine zote unaingiza namba ya programu kwenye vitufe vya mkononi, halafu unahangaika. Inunue kama unapenda historia yake, pamoja na Super Glove Ball. Glavu isiyo na ule upau wa vipokezi iache. Ni ya mkono wa kulia peke yake, na runinga nyembamba za leo hazina pa kuuegemeza upau, hivyo tengeneza kishikilio kabla haijafika.

U-Force ya Broderbund, nayo ya NES na ya mwaka 1989, ni paneli mbili zinazofunguka kama kitabu na kusoma mikono kwa miale ya infraredi. Ina swichi za kupanga upya kwa kila gemu. Hata ikiwa nzima, mkono unachoka na mhusika anakwenda asikotakiwa. Pita.

Le Stick ya mwaka 1981, fimbo ya kuchezea konsoli ya Atari isiyo na kitako, huhisi mwinamo kwa swichi za zebaki. Zebaki ni sumu, na kifaa kina zaidi ya miaka 40. Usikifungue, na kikiwa na ufa usikilete nyumbani.

Ya mwisho ni Sega Activator ya Mega Drive, konsoli nyingine ya Sega, mwaka 1993: pete ya pembe nane inayorusha miale ya infraredi juu, nawe unaikata kwa ngumi na mateke. Miale hutegemea dari iliyo tambarare, na taa au boriti juu yako huivuruga. Ndani ya pete, kurusha teke moja ni kubonyeza kitufe kimoja, na kwenye gemu ya kupigana mpinzani mwenye pedi ameshakupiga mara tatu. Muuzaji akisema ni nzima, omba aiwashe, kwa maana inahitaji adapta yake ya umeme, na vipande vyake vyote vinane visomeke.