Uzoefu wangu Udaipur: hoteli ya kifalme, treni ya usiku na nyumba ya wageni

Anayeniuliza kama inafaa kulipia chumba katika jumba la kifalme lililogeuzwa hoteli huko Rajasthan, jimbo la India, namjibu kwamba inafaa, ila kwa usiku mmoja tu, na fedha inayobaki aitumie nje ya lango la hoteli hiyo. Tulikwenda India mwezi wa Januari, marafiki wanne kutoka Dar es Salaam, tukiwa tumekubaliana tangu nyumbani kwamba tungebana matumizi katika usafiri ili tuweze kulala mahali ambapo kwa kipato chetu tungeishia kupapiga picha kutoka ng'ambo ya ziwa.

Kutoka Delhi hadi Udaipur, mji wa Rajasthan ulio kando ya ziwa, tulipanda treni ya usiku. Mwenzetu mmoja mwenye maumivu ya mgongo alikata daraja la pili lenye kiyoyozi, ambako abiria hupewa shuka, mto na blanketi na kulala nyuma ya pazia. Sisi watatu tulikata daraja la kulala la kawaida, linaloandikwa SL kwenye tiketi, lisilo na kiyoyozi wala matandiko, lenye feni darini na nondo madirishani. Kila sehemu ya behewa hilo ina vitanda vinane: vitatu kila upande vikitazamana, na viwili pembeni, ng'ambo ya njia ya kupita. Kitanda cha kati hukunjwa mchana kikawa egemeo la waliokaa chini, na kanuni huruhusu kukitandaza kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa hiyo usingizi wa mmoja hutegemea ustaarabu wa wote. Januari Delhi ina baridi kali, na upepo hupenya hata dirisha likiwa limefungwa; asiye na blanketi lake ataujutia ubahili wake. Anunue pia mnyororo na kufuli kwa wachuuzi wa stesheni, kwa sababu chini ya viti mna vishikizo vya chuma vya kufungia mizigo, na wenyeji wote hufanya hivyo bila kuona haya.

Mama mmoja aliyekuwa akisafiri na wanawe alitandika gazeti kitini, akapanga puri (vimkate vya ngano vya kukaanga), viazi vya manjano na achari ya embe, kisha akatugawia bila kutuuliza kama tuna njaa. Mwenzetu wa kiyoyozi aliletewa shuka mbili zilizopigwa pasi ndani ya mfuko wa karatasi, akalala vizuri, na hakuzungumza na mtu yeyote mpaka asubuhi.

Hotelini tulifika kwa bajaji, na bajaji ikazuiwa langoni. Mlinzi, mwenye kilemba chekundu na masharubu yaliyosokotwa, alieleza kwa upole mwingi kwamba vyombo vya namna hiyo haviingii ndani, na kwamba kigari cha umeme kingetufuata. Dereva wetu hakuonyesha kushangaa. Alishusha mabegi, akapokea nauli yake na kugeuza. Kwa hoteli inayojitangaza kwa ukarimu, hili nimelipunguzia alama bila kusita, kwa kuwa sehemu kubwa ya watu wa mji huo husafiri hivyo hivyo.

Ndani, sifa zinastahili. Mwaka 1971 India ilibadili katiba na kufuta posho ambazo serikali ilikuwa ikiwalipa watawala wa zamani, na familia nyingi za kifalme zikatafuta njia nyingine ya kuyatunza majumba yao. Jag Niwas, jumba jeupe lililo katikati ya Ziwa Pichola, lilikuwa limetangulia kufunguliwa kuwa hoteli tangu 1963. Yetu ilikuwa ndogo zaidi, tena ya ukingoni, lakini dirisha lake lilikuwa na kiwambo cha marumaru kilichotobolewa maua madogo, hata jua la jioni likaingia chumbani vipande vipande. Mhudumu aliyetutembeza alijua kila ukumbi ulikuwa wa kazi gani, na alijibu maswali yetu pasipo kuharakisha.

Tatizo ni ankara. Chumba kinachozidi rupia 7,500 kwa usiku hutozwa kodi ya asilimia 18, na migahawa ya hoteli za kiwango hicho nayo hutoza asilimia 18, wakati mgahawa wa kawaida mtaani hutoza 5. Bei zilizokuwa kwenye orodha ya vyakula hazikujumuisha kodi, na juu yake waliongeza ada ya huduma ya asilimia 10. Ada hiyo si lazima: miongozo ya mamlaka ya kulinda walaji iliyotolewa 2022 inakataza kumwongezea mteja bila hiari yake. Tuliomba iondolewe, ikaondolewa papo hapo, jambo linaloonyesha kwamba walijua. Chai moja tu ilitugharimu rupia 450 kabla ya kodi. Karibu na Gangaur Ghat, ngazi za kushukia ziwani, tuliinywa kwa 15, tena yenye tangawizi ya kutosha.

Siku zilizofuata tulihamia nyumba ya wageni karibu na hekalu la Jagdish, lililojengwa 1651. Maji ya moto yalikuja kwa zamu na kengele za hekalu zilituamsha kabla hatujataka, lakini kutoka paani tuliliona ziwa lile lile, na asubuhi tulishuka kula kachori iliyotoka kwenye mafuta muda huo. Msitegemee ile ya viazi ya Zanzibar: ya Rajasthan ni andazi la ngano lenye dengu au vitunguu ndani, kubwa kiasi kwamba mbili zinatosha kukufikisha mchana. Hapa ndipo tulipowafahamu watu wa Udaipur, na hapa ndipo ningeongeza siku.

Kwa anayepanga safari, tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla. Aliyechelewa ana nafasi za dharura ziitwazo Tatkal, zinazouzwa siku moja kabla ya treni kuondoka, saa 4 asubuhi kwa madaraja yenye kiyoyozi na saa 5 kwa SL. Kuanzia Aprili hadi Juni nisingemshauri mtu apande SL, kwa sababu joto la Rajasthan hupita nyuzi 40. Mwenzetu wa mgongo anasema asingeipanda hata Januari, na kwa mgongo wake sina hoja ya kumpinga.