TAHADHARI: Seti za shokapu na "shaba" za magari ya rimoti ya kupanda mawe, watu wanalizwa

Wakuu, habari zenu. Ujumbe huu ni kwa wote wenye magari ya rimoti ya kupanda mawe, hasa Traxxas TRX-4 na Axial SCX10 II, na zaidi kwenu wa mikoani mnaoagiza vifaa Dar bila kuvishika. Kuna muuzaji anasambaza seti za kubadilisha sasipensheni: shokapu nne "za alumini", linki (fimbo zinazoshikilia ekseli kwenye fremu) "za chuma cha pua" na vipande vya kuongeza uzito kwenye ekseli "vya shaba". Picha safi, video zipo, maneno matamu. Kinachofika ni uchafu, na kuna waliotuma hela hakikufika kitu kabisa.

Mimi ni fundi wa magari haya hapa Mwanza. Huku mawe hatuyatafuti, ukitoka mlangoni umeyakuta, kwa hiyo vijana wengi wameingia kwenye mchezo huu na wengi wanaanzia kwenye sasipensheni. Seti za huyu bwana zinaletwa mezani kwangu na watu wasiojuana, wote wakiwa na lalamiko moja: gari lilikuwa linapanda vizuri, tangu lifungwe vifaa vipya linaanguka ovyo. Jina lake la biashara hubadilika kila baada ya muda, ila picha ni zilezile, mkono uleule wenye glavu nyeusi umeshika shokapu nyekundu juu ya meza ya mbao.

Nianze na shaba, maana hapo ndipo amewashika wengi. Kwenye video anachukua sumaku, anaigusisha kwenye nako ya stelingi, kile kipande kinachobeba gurudumu la mbele, kisha anasema, "Mnaona? Haishiki. Shaba tupu." Ni kweli sumaku haishiki shaba. Lakini haishiki zinki wala alumini pia. Sumaku itakuonyesha chuma tu, basi. Nilichokikuta mimi ni zinki ya kumimina kwenye kalibu, imepakwa rangi nyeusi, halafu kwenye kingo wamepitisha rangi ya dhahabu ili ionekane kama shaba iliyochubuka. Nilipiga tupa kidogo ndani ya tundu la skrubu, pasipoonekana. Shaba ya njano ukiikwaruza inabaki njano mpaka ndani. Hii ilikuwa kijivu.

Kwa anayetaka uhakika zaidi, kuna njia ambayo wanunuzi wa dhahabu wa Geita wanaijua siku zote. Tafuta mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Pima kipande kikiwa kikavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga kipande kwa uzi na ukizamishe chote bila kugusa chini wala pembeni. Namba utakayoiona ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Shaba ya njano itakupa kama 8.5. Alumini ni 2.7. Kipande nilichokipima kilikuwa gramu 52, majini kikasoma 7.8, jibu likaja chini kidogo ya 6.7. Hiyo ni zinki, hakuna mjadala.

Mtu atasema uzito si upo tu, tatizo nini? Tatizo ni nguvu. Nako inabeba gurudumu lote, na gurudumu likinasa kati ya mawe huku mota inasukuma na sevo inavuta stelingi, mzigo wote unaishia hapo. Shaba nzuri hupinda kidogo kabla ya kuachia. Hizi zinakatika kama biskuti, na ukitazama palipokatika unaona chembechembe na vitundu vya hewa. Meno ya skrubu nayo yanasagika mara ya pili au ya tatu ukifungua. Kijana mmoja nako yake ilikatika gari likiwa juu ya mwamba, likabingirika hadi chini. Bodi ilipasuka na sevo ikafa. Hela ya kuvirudisha vile ilizidi bei ya seti yenyewe, na ilikuwa akiba yake ya muda mrefu. Kwa kweli hilo ndilo lililonifanya niandike.

Shokapu sasa. Ukizibonyeza kwa mkono zinashuka taratibu, zinarudi taratibu, unasema hizi ndizo. Nilipofungua kofia ya juu sikukuta mafuta, nilikuta grisi imeshindiliwa. Ndiyo inayokupa ule uzito mkononi. Baada ya kuendesha kidogo grisi inasukumwa pembeni, pistoni inabaki inapita hewani na gari linaanza kudundadunda. Moja kati ya nne ilikuwa na mafuta, ila kwa harufu yalikuwa ya cherehani. Shokapu za magari haya hutaka mafuta ya silikoni. Mafuta ya mashine huzivimbisha oringi za silikoni, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, fimbo ya shokapu inakuwa nzito, baadaye inavuja.

Urefu nao ni uongo. Anatangaza milimita 100. Shokapu hupimwa ikiwa imenyooka yote, kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Nilizopima zilikuwa 110. Usiione milimita 10 kuwa ndogo: gari linanyanyuka, kitovu cha uzito kinapanda, na kwenye mteremko wa pembeni linalala. Pia ekseli inashuka kupita kiasi, propela shafti inakaa kwenye pembe kali, inakwaruza na mwisho inachomoka.

Anasema tena kwamba seti yake inaingia gari lolote. Haiwezekani. Linki ndizo zinazoamua umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. SCX10 II umbali huo ni milimita 313. TRX-4 yenye bodi ya Defender ni 324, na TRX-4 yenye bodi ya Bronco ni 312. Hata ndani ya TRX-4 zenyewe linki zinatofautiana, sembuse gari la kampuni nyingine! Niliona SCX10 II iliyofungwa linki zake: tairi za nyuma zinasugua bodi, na propela shafti imebaki imeshikilia kwenye ncha tu. Muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza kwanza gari gani na bodi gani. Huyu hakuulizi kitu zaidi ya "unatuma lini".

Upande wa malipo, hivi ndivyo anavyofanya. Bei yake haiko chini sana, ni pungufu kidogo tu ya bei ya kweli, kama laki mbili na nusu, kwa hiyo mtu hashtuki. Hataki Lipa Namba ya biashara, anakupa namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha halifanani na jina lolote alilojitambulisha nalo. Ukiuliza anasema ni la mke wake au la mhasibu. Ukishatuma anakuletea picha ya risiti ya mzigo wa basi la kutoka Magufuli, Mbezi. Ikuze ile picha. Iliyotumwa kwa wateja wawili tofauti ilikuwa moja, jina la mpokeaji tu ndilo lililobadilishwa.

Wengine anawaambia mzigo umekwama forodhani, waongeze elfu themanini ya ushuru kwa namba ileile. Ndugu zangu, malipo ya serikali hapa Tanzania hulipwa kwa kontroli namba. Hakuna ushuru wa TRA unaotumwa kwenye simu ya mtu. Akifika hapo kata mazungumzo, usitume hata mia.

Namba zake sitaziandika hapa. Anazibadilisha, na inawezekana zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote. Wewe mwenyewe piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako.

Aliyekwisha kutuma hela, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi waizuie kabla haijatolewa, maana ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni kazi ngumu. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, kisha nenda polisi uchukue RB ukiwa na meseji za muamala na mazungumzo yote. Msiyafute kwa hasira. Mzigo ukifika kwa basi, fungua palepale ofisini mbele ya mhudumu na upige video tangu unakata gundi.

Na aliyekwisha kufunga seti hii asilipeleke gari mwambani kwanza. Toa nako, rudisha zile za plastiki zilizokuja na gari, ni imara kuliko hizi. Linki pima moja baada ya nyingine ulinganishe na za zamani, usiamini jicho. Shokapu fungua, safisha grisi yote, badilisha oringi, jaza mafuta ya silikoni ya uzito wa 30 (30wt), lakini kama ni zile za 110 ziweke kando tu. Springi zake hazina shida, nimezijaribu kwenye gari jingine zikakaa vizuri, hizo mnaweza kuzitumia.