Kahoot au Plickers kwa darasa la wanafunzi 58?

Nimetumia programu hizi mbili za kuulizia maswali darasani kufundishia hisabati kidato cha kwanza, na tofauti kubwa ni hii: nani anahitaji kifaa mkononi?

Kahoot, iliyoanzia Norway na kuzinduliwa 2013, inamtaka kila mwanafunzi, au kila kikundi, kuwa na simu au kompyuta yenye intaneti. Swali linatokea ukutani kwa projekta, mtu anabonyeza rangi ya jibu lake, na anayewahi kupata anazoa pointi nyingi zaidi. Darasa linachangamka kweli. Ila shule nyingi za Tanzania haziruhusu wanafunzi kuja na simu, na mbio zile humfanya mtoto anayefikiri taratibu abahatishe tu.

Plickers inahitaji simu moja, ya mwalimu. Mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi na namba yake. Pande zake nne ni A, B, C na D. Akichagua B, anaizungusha mpaka B iwe juu, kisha anainyanyua, na mwalimu anaisoma kwa kamera ya simu yake. Herufi ni ndogo, jirani haibi kirahisi. Chapa kwenye karatasi ngumu, maana laini hujikunja kamera isisome. Seti kubwa ina kadi 63, kwa hiyo darasa langu lote linaenea.

Kwangu ni Plickers. Siku ya kutoa namba hasi nilipitisha kamera juu ya vichwa vyao, nikaona karibu nusu ya darasa wamechagua C, jibu lisilo sahihi. Nikafuta ubao, nikaanza upya.