Kanban ya ukutani au ya simu: karakana ya cherehani Goma ichague ipi?

Neno kanban ni la Kijapani, maana yake kibao cha tangazo. Toyota ndio walioanza kuitumia viwandani. Hapa ni ubao wa safu: karatasi ya kila kazi husogezwa safu hadi safu kadiri kazi inavyoendelea. Kazi yake si kupamba ukuta bali kuzuia kazi zisirundikane katikati.

Kwa mafundi watano wa mtaa wa Birere, ubao wa ukutani unatosha. Chora safu nne: Kungoja, Kukata, Kushona, Kupiga pasi na kukabidhi. Kila nguo karatasi moja: jina la mteja, tarehe ya kuchukua, malipo yaliyobaki. Juu ya safu ya Kushona andika 4, ikiwa washonaji ni watatu. Zikifika nne, anayekata asiongeze ya tano. Aende kusaidia kupiga pasi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachora safu, wanasahau namba, na ubao unageuka orodha ya madeni. Asubuhi simameni mbele yake dakika kumi, mkianza na safu ya kulia, yaani nguo zilizokaribia kwisha. Bandikeni kwa pini, maana gundi hulegea kwa vumbi.

Programu ya simu kama Trello, yaani ubao huohuo kwenye skrini, hufaa timu ikigawanyika, mmoja mtaa wa Himbi, mwingine Bukavu. Hutunza historia na picha za mitindo. Lakini hula mega za intaneti, umeme ukikatika simu huzimika, na safu ikijaa kupita kiasi hakuna anayeona mpaka aifungue. Ukutani, hata mteja anaona.

Anzeni na ukuta.