Kuchagua Hambaka Mbadala Yenye Sauti Nene kwa Gita la Umeme

Mtu anapolalamika kwamba gita lake la umeme lina sauti nyembamba, inayolia kama debe mara tu anapowasha pedali ya distoshoni (ile inayokwaruzisha sauti), ushauri wa kwanza anaopewa huwa ni kutafuta hambaka, yaani kinasa sauti cha nyuzi, yenye nguvu zaidi. Ushauri huo umewagharimu wengi. Unene wa sauti hutokana na wingi wa sauti za kati, hasa zile za kati ya chini zinazokaa juu kidogo ya besi, pamoja na namna sauti kali za juu zinavyolainishwa. Hambaka inaweza kuwa na nguvu nyingi na bado ikatoa sauti nyembamba, ila kwa kelele zaidi. Kwa sababu hiyo nimezipanga hambaka hapa kwa kigezo cha unene, na nguvu nimeiweka nyuma. Ninamfikiria mnunuzi mwenye gita la mwili mzima wa mbao, ambaye hambaka yake ya upande wa daraja (pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gita) ndiyo inayomkera.

Hambaka ni pikapu yenye koili mbili za waya (tunazungumzia kinasa sauti cha nyuzi, si gari la kubebea mizigo). Ile inayoigwa hadi leo ilibuniwa na Seth Lover katika kampuni ya Gibson, mjini Kalamazoo, Marekani, ambaye aliomba hataza mwaka 1955, na hataza hiyo ikatolewa mwaka 1959. Koili zake mbili zimeunganishwa kwa namna ambayo mvumo wa umeme unaoingia katika koili moja hufutwa na ule wa koili ya pili, ilhali sauti ya nyuzi hujumlishwa. Mpangilio huo ukiharibika, kila kitu hugeuka, na nitaurudia baadaye kwa kuwa uliwahi kuniponza mwenyewe.

Kabla ya kutoa pesa, chukua bisibisi. Bonyeza uzi mnene na uzi mwembamba kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi iliyopo kati ya uzi na kichwa cha chuma cha hambaka ya daraja. Kipimo cha kuanzia kinachofaa ni milimita 1.6 hadi 2.4. Magita mengi ya bei nafuu hutoka dukani hambaka ikiwa imezama mbali na nyuzi, na kuinua milimita moja tu hurudisha mwili wa sauti uliodhaniwa kuwa haupo. Inua upande wa nyuzi nyembamba uwe juu kidogo kuliko upande wa nyuzi nene, usikilize, kisha urekebishe tena. Angalia pia volyumu: hambaka kwa kawaida hufungwa na volyumu ya kiloomu 500 (kiloomu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na gita linalochoma masikio linaweza kutulizwa kwa kuweka ya kiloomu 250, ambayo hupunguza makali ya juu kwa gharama ndogo sana. Mwenye nyuzi za namba 9 ajaribu za namba 10, zilizo nene kidogo. Ikiwa baada ya hayo yote sauti bado ni nyembamba, basi tatizo huenda ni hambaka yenyewe.

Jambo linalofundisha zaidi kuhusu unene ni familia moja ya kampuni ya Seymour Duncan ya Santa Barbara, California. Ina hambaka tatu zenye koili za aina moja, zilizosukwa hadi kufikia kiloomu 14 na kitu, zinazotofautiana kwa sumaku tu. SH-5, iitwayo Custom, ina sumaku ya kauri, na sauti yake ni ngumu, ya haraka, yenye makali ya wazi. SH-14, iitwayo Custom 5, ina sumaku ya alniko 5 (alniko ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti). Besi yake ni pana na sauti zake za kati zimerudi nyuma kidogo. SH-11, iitwayo Custom Custom, ina alniko 2, sumaku dhaifu kuliko zote tatu, na hiyo ndiyo yenye sauti nene kupita wenzake: sauti za kati zinajaa, na ncha za juu zinakuwa za mviringo badala ya kuchoma. Kwa hiyo muuzaji akikutajia idadi ya kiloomu na kunyamaza, amekueleza nusu ya habari. Waya mwembamba zaidi huongeza kiloomu bila kuongeza nguvu kwa kiwango hicho hicho, na sumaku huweza kubadili tabia ya koili ile ile hadi usiitambue.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza ninaipa SH-11. Kwa gita lenye shingo ya mbao ya mepo iliyofungwa kwa skrubu, au lolote ambalo asili yake ni kali na lenye kung'aa, sijapata dawa ya moja kwa moja kuliko hii. Inakubali distoshoni nyingi kiasi, na ukipunguza volyumu ya gita hadi 6 au 7 inasafika bila kukonda. Kasoro yake huonekana kwenye gita ambalo tayari ni zito: humo besi huwa laini kupita kiasi, na anayepiga mitindo ya kasi kwa kuzima nyuzi kwa kiganja ataona sauti zinashikana.

Ya pili ni Tone Zone ya DiMarzio, kampuni ya New York. Ina alniko 5 na kiloomu zaidi ya 17, na katika orodha hii hakuna inayoizidi kwa besi na sauti za kati ya chini. Ukiiweka kwenye gita jepesi linalolia kwa juu juu, hulijaza hadi likaonekana limebadilishwa mbao. Ukiiweka kwenye gita zito la mahogani na kuicheza mbele ya amplifaya yenye sauti nzito isiyo na makali, utapata uji. Nimeiweka ya pili kwa sababu hiyo tu: inahitaji gita sahihi, ilhali SH-11 husamehe zaidi.

Nafasi ya tatu ninazigawia hambaka mbili za mtindo wa zamani, na humu ndimo ningempeleka anayepiga bila distoshoni au kwa distoshoni ndogo. Seth Lover ya Seymour Duncan, SH-55, ilitengenezwa kwa kushirikiana na mbunifu mwenyewe, ina alniko 2 na takriban kiloomu 8 kwa upande wa daraja. Sauti yake ina hewa na uzito kwa wakati mmoja, jambo ambalo hambaka zenye nguvu haziliwezi. Haikuzamishwa katika nta, hivyo ukiisogeza karibu na amplifaya yenye sauti kubwa inaweza kupiga mluzi. Anayepiga jukwaani kwa sauti ya juu achague 57 Classic Plus ya Gibson, ambayo nayo ina alniko 2 lakini imezamishwa katika nta, na imeongezewa mizunguko kidogo kwa ajili ya upande wa daraja.

Ya nne ni JB, SH-4, yenye alniko 5 na kiloomu 16 na kitu. Najua itanikosanisha na watu, kwa kuwa ni miongoni mwa hambaka mbadala zinazonunuliwa sana duniani. Ni hambaka nzuri. Hata hivyo nguvu yake kubwa iko kwenye sauti za kati ya juu, ndiyo maana solo hupenya kwenye bendi nzima bila shida, na mtu mwenye gita linalochoma akiiweka anaweza kuishia na gita linalochoma zaidi. Ya tano ni Super Distortion, ambayo DiMarzio waliitoa mwaka 1972 na ambayo ilianzisha biashara yenyewe ya hambaka mbadala. Sumaku yake ni ya kauri lakini sauti zake za kati ni nene kuliko mtu anavyotarajia, na kwa roki ya amplifaya iliyosukumwa bado inafaa sana; kwa sauti safi sioni sababu ya kuinunua. EMG 81 na ndugu zake za betri ya volti 9 sizipangi hapa, kwa kuwa zinadai volyumu za kiloomu 25 na nafasi ya betri, na sifa yao ni ukali na usafi.

Kwa upande wa shingo, usinunue unene. Nyuzi pale tayari zina besi nyingi, na hambaka nzito huzifunika. '59 au Jazz za Seymour Duncan, zenye kiloomu 7 na kitu, zinatosha kabisa. Tahadhari hii inawahusu zaidi wanaopiga katika bendi ya dansi yenye solo, mi-solo na ridhimu kwa pamoja. Katika mpangilio huo kila gita lina chumba chake, na gita nene kupita kiasi huingia chumba cha besi na cha kinanda. Mpiga solo wa sebene, anayeishi kwenye freti za juu kwa sauti safi, huenda sauti nyembamba anayoilalamikia nyumbani ndiyo inayomfanya asikike ukumbini.

Unapoagiza, pima umbali wa kati ya uzi wa kwanza na wa sita pale hambaka inapokaa. Ukikaribia milimita 49, chukua ya kawaida. Ukikaribia milimita 52, kama ilivyo kwenye magita mengi yenye daraja la mkono wa kuyumbisha, chukua ile pana, ambayo Seymour Duncan huitambulisha kwa herufi TB na DiMarzio huiita F-spaced. Pima pia kina cha shimo. Hambaka mpya ya kampuni hizi si ya bei rahisi hata kabla ya usafiri na ushuru, na kosa la milimita tatu ni ghali.

Kisha kuna nyaya. Hambaka ya kisasa hutoka na nyaya nne za rangi na mmoja usio na ganda, na rangi hazifanani kati ya kampuni na kampuni. Kwa Seymour Duncan, mweusi ndio unaopeleka sauti, mweupe na mwekundu huunganishwa pamoja, na wa kijani huenda ardhini (upande wa ardhi wa umeme wa gita) pamoja na ule mtupu. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio unaopeleka sauti, mweusi na mweupe huunganishwa, na wa kijani huenda ardhini pamoja na ule mtupu. Fundi mmoja aliniwekea Tone Zone akitumia mchoro wa Seymour Duncan. Nilipoiwasha, hambaka niliyoinunua kwa unene wake ililia kama redio ndogo ya mkulima, na mvumo wa umeme ulikuwa mkubwa kuliko wa hambaka ya zamani. Fundi aliweka mita yake, ikasoma kiloomu 17, akaniambia hambaka ni nzima. Mita haikudanganya: koili zote mbili zilikuwa nzima, ila moja ilikuwa imegeuzwa, hivyo sauti za nyuzi zilikuwa zikifutana na mvumo ukijumlishwa, kinyume kabisa cha alichokusudia Lover. Tulibadilishana nafasi ya waya mwekundu na mweusi, tukalehemu upya, na ilichukua chini ya dakika kumi.