TAHADHARI: huyo anayepita kwenye apatimenti zetu na "intaneti ya serikali" ni tapeli

Habari zenu ndugu zangu, hasa nyie wa Des Moines huku Iowa, Marekani, na miji ya karibu. Kuna jamaa anapita mlango kwa mlango, anaongea Kiswahili safi na Kirundi cha kuombea maji, kavaa beji shingoni yenye tai wa Marekani, anasema anaandikisha watu intaneti ya bure ya serikali inayoitwa ACP. Anachukua dola 60 "za fomu", anapiga picha kadi yako ya fudi stampu (msaada wa chakula wa serikali), anapiga picha kadi za soshal (zile zenye namba yako ya Social Security) za watu wote wa nyumba hadi ya kichanga, anaondoka. Mwizi huyo, msimfungulie.

ACP ilikuwepo kweli, ndo maana watu wanaingia mkenge. Ilianza mwisho wa 2021, ilikuwa inakata hadi dola 30 kila mwezi kwenye bili ya intaneti kwa nyumba zenye kipato kidogo na zaidi ya familia milioni 23 zilikuwemo, ila hela ikaisha, Bunge la Marekani halikuongeza, Februari 2024 wakaacha kupokea watu wapya na tarehe 1 Juni 2024 ikafungwa. Kwa hiyo anayekuandikisha ACP leo anakuandikisha kwenye kitu ambacho hakipo, hata avae beji tano.

Na anajua kuvizia. Anakuja saa nne asubuhi, vijana wako kiwandani au wamelala wametoka zamu ya usiku, anamkuta bibi na wajukuu. Wazee wetu waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wamezoea, kule mtu akija na beji na orodha unatoa kadi ya familia anaandika, nani amuulize maswali na wewe unataka posho? Sasa huyu akisema "mama leo ndo mwisho, usipojiandikisha watakukatia fudi stampu", bibi atafanyaje? Uongo mtupu huo, hakuna anayekatiwa fudi stampu eti kwa sababu hana intaneti nyumbani.

Jirani yangu aliachiwa ruta, nimeishika mwenyewe. Kasha limegundishwa upya, stika ya chini yenye namba imekwanguliwa kwa kisu, ndani kuna laini ya kawaida ya kulipia kabla. Watoto wakafanyia homuweki siku chache, data ikaisha, ikabaki taa nyekundu. Kumpigia, namba haipo. Tena alilipwa kwa Zelle, ile ya kutumiana hela kutoka benki, na huko hela ikishatoka kuirudisha ni shughuli.

Ila hizo dola 60 mi naziona ndogo, ubaya uko kwenye zile picha. Huyo jirani yangu, mama wa watu, alipoenda kuomba Lifeline, ambayo ndo programu ya kweli ya serikali iliyobaki ya kupunguza bili ya simu au intaneti, akajibiwa nyumba yako tayari ina huu msaada!! Kumbe jina lake lilishachukuliwa laini ya simu ambayo hajawahi kuiona kwa macho, na Lifeline ni moja tu kwa kila nyumba.

Hiyo Lifeline inakata mpaka dola 9.25 kwa mwezi, simu au intaneti, si nyingi lakini ipo. Ukiwa na fudi stampu, Medicaid (bima ya afya ya serikali ya wenye kipato kidogo) au SSI (hela ya serikali kwa wazee na walemavu wasio na kipato cha kutosha) unaingia, au kipato chako kisizidi asilimia 135 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Kuomba ni BURE, lifelinesupport.org au piga 800-234-9473. Na nyie vijana mnaokaa wanne apatimenti moja kila mtu na hela yake, hamhesabiwi nyumba moja, kuna fomu mnajaza kueleza hivyo, msikubali kuambiwa mwenzenu kashachukua basi imeisha.

Kama ulishapigwa picha usikae kimya kwa aibu. Piga hiyo namba ya Lifeline waangalie kampuni gani inatumia jina lako na uombe utolewe, halafu funga kredit yako, mtu asiweze kukopa kwa jina lako, kwenye kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu, ni bure, na za watoto usizisahau maana soshal ya mtoto inaweza kutumika miaka na hakuna anayeangalia. Ripoti pia identitytheft.gov, tovuti ya serikali ya walioibiwa taarifa zao. Kiingereza kikikushinda mpe kijana wako wa sekondari, au nitafute inbox jioni nikitoka kazini, silipishi.

Juzi kaonekana upande wa kusini na kabadilisha maneno, ACP haitaji tena, anasema ni "mpango mpya uliorithi ile ya zamani" na fomu imepanda, sasa hivi dola 80.