Piano ya wima: kusawazisha mtambo au kuongeza springi?

Katika piano ya kulala, nyundo hurudi kwa uzito wake, na mtambo (sehemu zinazopeleka msukumo wa kibao, yaani kile kinachobonyezwa kwa kidole, hadi kwenye nyundo) aliouvumbua mtengenezaji piano Mfaransa Sébastien Érard mwaka 1821 huiwezesha kupiga tena kabla kibao hakijapanda chote. Nyundo ya piano ya wima hupiga kwa upande, hivyo hutegemea springi na utepe kurudi, na mpigaji hulazimika kukiachia kibao karibu kabisa ndipo sauti irudiwe.

Njia ya kwanza ya kuboresha marudio hayo ni kusawazisha upya mtambo uliopo, yaani kurekebisha mapengo kati ya sehemu zake. Katika piano ya kanisa ninayoihudumia hapa Moshi, kibao cha do ya kati kilizama karibu milimita 2 kabla nyundo haijatikisika, kwa kuwa sufu iliyo chini yake ilikuwa imeshindiliwa na miaka. Niliipandisha skrubu iliyo nyuma ya kibao, inayousukuma mtambo, kidogo kidogo hadi pengo likaisha, kisha nikahakikisha kwamba nyundo inaachiwa ikiwa imebakiza takriban milimita 3 kuzifikia nyuzi. Kidole kilihisi tofauti papo hapo.

Njia ya pili, yaani kuongeza springi ndogo zinazosaidia nyundo na kijiti kinachoisukuma kujipanga upya mapema, huharakisha marudio kweli. Hata hivyo, springi zote 88, moja kwa kila kibao, lazima zilingane nguvu, na wakati wa masika, unyevu unapokaza sufu za maungio, springi huficha ugumu badala ya kuuondoa. Kwa piano ya kusindikiza nyimbo za ibada, mimi huchagua kusawazisha; springi ningemwekea mwanafunzi anayefanya mazoezi ya vipande vya kasi.